Imerudi Yenyewe

Hapa Bumbuli ukimwambia mtu kwamba kazi yako ni kuandika skripti za sheli, atakuuliza kama petroli imepanda au imeshuka. Kwetu sheli ni kituo cha mafuta, hata kama nembo yake ni ya kampuni nyingine kabisa. Kwa hiyo nianze kwa kuweka mambo sawa, maana wengi wenu mnakuja hapa kutafuta riwaya na mashairi, na nisingependa kuwapoteza njiani kabla hatujapita Soni.

Sheli ninayoisema ni programu inayokaa kati ya mtu na kompyuta. Unaiandikia amri kwa herufi, mstari mmoja mmoja, nayo inaita programu nyingine zifanye kazi. Ukiziandika amri hizo kwenye faili moja ili zisomwe kwa mfuatano hata wewe usipokuwepo, umeandika skripti. Stephen Bourne wa Bell Labs aliandika sheli iliyotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979. Brian Fox akaandika ile ya Bash, iliyotoka 1989, na hadi leo kompyuta nyingi zinazotunza kumbukumbu za watu zinaamshwa asubuhi na vijifaili vya namna hii ambavyo hakuna anayevitazama.

Na skripti ni maandishi, ndiyo maana nathubutu kuileta hapa. Ina mwandishi, ina mtindo, ina inayoyasema na inayoyaficha. Leo nataka tusome moja pamoja, ya mistari mitano. Sikuiandika mimi, niliikuta. Tuisome kama tunavyosoma shairi fupi, neno kwa neno:

while true
do
    ./mizani 2>/dev/null
    sleep 5
done

Mstari wa kwanza unasema: maadamu kweli ni kweli. Hiyo "true" si falsafa. Ni programu ndogo ambayo kazi yake yote ni kujibu "ndiyo" kila inapoulizwa. Kwa hiyo kilicho kati ya "do" na "done" kitarudiwa bila mwisho. Mstari wa tatu unaendesha programu iitwayo mizani. Wa nne unasema lala sekunde tano. Kisha turudi juu. Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida: endesha mizani, ikifa, kwa sababu yoyote ile, vuta pumzi kidogo, iendeshe tena.

Bado kuna yale maneno ya ajabu, 2>/dev/null. Kila programu huzaliwa na mifereji mitatu: mmoja wa kupokea, wa pili wa kutoa majibu, wa tatu wa kutoa malalamiko. Kompyuta huanza kuhesabu kwa sifuri, kwa hiyo mfereji wa malalamiko ndio namba 2. Na /dev/null ni shimo. Chochote unachokitupa humo hakionekani tena. Mwandishi wa skripti hii aliamua kwamba programu ikilalamika, malalamiko yaende shimoni.

Sasa niwaambie mistari hii mitano ilimfanya nini shangazi yangu.

*

Shangazi analima chai. Si shamba kubwa, ni vipande viwili mteremkoni, upande ambao ukungu unachelewa kuondoka. Anachuma na binti yake, wanajaza matenga, wanabeba kichwani hadi banda la mizani la chama kimoja cha wakulima ambacho jina lake nitalibakiza. Kutoka kwake hadi bandani ni mwendo, kwa hiyo siku zote anafika jioni na yuko mkiani mwa foleni. Wanaoishi karibu na barabara wanapima mchana. Wa mabondeni wanapima jua likizama.

Zamani karani alikuwa na daftari na peni. Baadaye chama kikanunua mizani ya kisasa iliyounganishwa na kompyuta, pamoja na kimashine kinachochapa risiti kwenye karatasi ya mviringo. Unaweka tenga, uzito unaonekana, karani anaandika namba yako ya uanachama, risiti inatoka: namba ya risiti, tarehe, jina, kilo. Mwisho wa mwezi kompyuta inajumlisha, watu wanalipwa. Fundi aliyeiweka alitoka mjini, akafanya kazi yake, akaondoka.

Mwezi mmoja wa masika, chai ikiwa inachipua kama imetukanwa, shangazi akaenda kuchukua hela yake akakuta imepungua. Akarudi nyumbani, akaleta risiti zake. Karani akazitafuta kwenye kompyuta moja moja. Nyingi zilikuwepo. Alipofika namba 3318, kilo 23, kompyuta ikaonyesha 3318 ni ya mwanamume wa kitongoji kingine, kilo 17, jioni hiyo hiyo. Akatafuta nyingine, ikawa vile vile. Risiti mbili, namba moja, watu wawili.

Mbele ya watu, karani akasema mashine haidanganyi. Hakusema zaidi ya hapo, ila kila aliyekuwa kwenye ile foleni alielewa kilichobaki: kama mashine haidanganyi, basi anayedanganya ni huyu mama mwenye risiti mkononi.

Mnaoishi vijijini mnajua neno kama hilo linavyotembea. Lilifika kanisani kabla yake.

Aliponiita nilimkuta ameketi na kopo la Blue Band mapajani. Humo ameweka risiti zote tangu mashine ilipoletwa, amezifunga kwa uzi, mwezi kwa mwezi. Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, mimi kusoma najua. Namba hii nilipewa mimi. Wewe si ndiye unayejua hayo makompyuta? Kaiulize."

Kaiulize. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijawahi kupewa maelekezo mazuri kuliko hayo.

*

Karani ni kijana mpole, na aliniruhusu kuangalia baada ya kazi. Nilimuuliza kama programu huwa inakatika. "Ah, inakatika sana," akasema, kwa furaha kabisa. "Ila haina shida. Ikikatika unangoja kidogo, imerudi yenyewe."

Imerudi yenyewe. Kwake hiyo ilikuwa sifa ya mashine, na kusema kweli ni sifa. Umeme wa huku tunaujua. Mvua ikinyesha mti unaanguka kwenye waya, taa zinapepesa, kompyuta inazimika. Foleni iko nje, majani yanaanza kupata joto ndani ya matenga, na jani la chai lililopata joto halisubiri mtu. Kitu kinachojiamsha chenyewe ni baraka. Fundi aliyeandika mistari mitano alikuwa na sababu, na sitaki kumsimanga.

Nikafungua faili nikaisoma kama tulivyoisoma sasa hivi. Kisha nikachukua jiwe, nikaliweka kwenye mizani, nikaanza kulipima. Jiwe lile lile, risiti baada ya risiti, nikijihesabia pembeni kwa kalamu. Nilikuwa nimeweka kipande kifupi cha karatasi kwenye mashine ya risiti ili kiishe mapema. Kiliisha baada ya risiti ya 46. Ya 47 ilipotaka kutoka hakukuwa na karatasi; dirisha likapotea kwenye skrini. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Likarudi, safi, linang'aa, kama hakuna kilichotokea. Nikaweka karatasi, nikapima tena. Risiti ikatoka. Namba 41.

Kumbe programu ilikuwa inaweka rekodi kichwani na kuzimwagia kwenye diski kila zikifika 20. Ilipokufa kwenye ya 47, ishirini mbili zilikuwa salama. Sita zilizobaki zilikufa nayo. Ilipofufuka, rekodi ya mwisho iliyoikumbuka ilikuwa ya 40, ikaendelea na 41, bila kujua kwamba kuna mtu ameshaondoka na 41 mfukoni.

Na karatasi inaisha lini? Karani anaweka mviringo mpya kila asubuhi. Siku za kawaida unamfikisha hadi kufunga. Msimu wa mavuno mengi unaisha jioni, yaani wakati watu wa mabondeni wanapima. Hakuna aliyepanga kuwaibia watu wa mabondeni. Lakini ukipanga foleni ya watu kwa umbali wa nyumba zao, halafu ukaweka kosa mwishoni mwa siku, kosa hilo litajua njia ya kwenda kwao kila mara.

*

Niwaeleze kidogo jinsi sheli inavyoendesha programu, kwa sababu msamiati wake ungeweza kutoka kwenye riwaya ya ukoo.

Sheli ikitaka kuendesha programu, kwanza inajigawa: inatoa nakala yake yenyewe, inayoitwa mtoto. Mtoto huyo anavua umbile la mzazi na kuvaa la programu inayotakiwa. Anapewa namba yake. Mzazi anakaa kungoja. Mtoto akimaliza kazi, au akiuawa, mfumo wa kompyuta haumfuti mara moja. Unatunza habari moja ndogo kumhusu: namba inayosema alikufaje. Sifuri maana yake alimaliza kazi vizuri. Namba nyingine yoyote ina habari yake. 127 ni kwamba amri haikupatikana kabisa. 143 ni kwamba aliombwa aondoke kwa adabu, akaondoka. 137 ni kwamba aliuawa kwa nguvu, kwa ile ishara namba 9 ambayo hakuna programu inayoweza kuikwepa.

Mfumo unaishikilia namba hiyo hadi mzazi aje kuichukua. Mzazi asipokuja, marehemu anabaki kwenye orodha: hali chochote, hafanyi chochote, lakini jina lake halifutiki. Wataalamu wanamwita zombi. Na mzazi akifa kwanza, mtoto anakuwa yatima na kuchukuliwa na programu mama yao wote, ile yenye namba 1, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kupokea yatima na kuuliza habari za vifo vyao. Sijui mtu anawezaje kusoma mambo haya na kusema kompyuta haina fasihi.

Sasa rudini kwenye mistari yetu mitano. Mizani ilipokufa, sheli iliyokuwa ikingoja ililetewa habari. Namba ya kifo iliwekwa mkononi mwake. Kwenye Bash inakaa mahali panapoandikwa $?, yaani alama ya dola na alama ya kuuliza. Ipo pale, inasubiri kusomwa. Lakini skripti haisomi. Inaenda kulala sekunde tano. Na huko kulala nako ni programu, nako kunakwisha vizuri, nako kunaacha namba yake: sifuri. Sifuri hiyo inakaa pale pale ilipokuwa habari ya kifo. Ile ya kwanza imefutwa. Baada ya sekunde tano, ukiuliza hali ikoje, jibu ni kwamba kila kitu kiko sawa.

Hapo ndipo penye tatizo la maandishi haya. Kumwamsha aliyeanguka si kosa. Kosa ni kwamba habari ililetwa mlangoni, na mwenye nyumba hakuipokea. Malalamiko yakatupwa shimoni, namba ya kifo ikafunikwa na usingizi wa sekunde tano, na kilichobaki kuonekana ni dirisha linalong'aa na kijana anayesema imerudi yenyewe.

*

Bumbuli ina historia yake ya kurudisha kitu haraka ili watu wasijue kwamba kilikufa.

Waliosoma Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili na ambacho kilichapishwa tena Nairobi mwaka 1962, wanaikumbuka hadithi ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu akawa mfalme wa Usambara pale Vugha. Mbegha alipofariki wazee waliuficha msiba. Watu wakatumwa Bumbuli, alikokuwa akitawala mwanawe Buge, wakamchukua usiku. Nchi ilipoamka na kusikia, tayari Vugha ilikuwa na mfalme. Kiti hakikukaa kitupu hata asubuhi moja ambayo watu wangeiona. Na kwa vizazi vilivyofuata Bumbuli ikawa ndipo anapokaa mrithi, akisubiri kuitwa.

Mafundi wa seva leo wanafanya hivyo hivyo. Wanaweka mashine ya pili pembeni, imewaka, inajua kazi yote, haihudumii mtu. Ya kwanza ikifa, ya pili inaingia, na wewe uliyekuwa unatuma pesa kwa simu hujui kwamba kuna kilichokufa. Bumbuli ilikuwa mashine ya pili ya Vugha.

Lakini tazameni tofauti. Wale wazee waliwaficha watu, hawakujificha wenyewe. Walijua nani amekufa, walimzika, walijua nani ataitwa na kwa njia gani. Ukimya wao ulikuwa na mashahidi. Mistari yetu mitano iliwaficha wakulima, ikamficha karani, ikamficha mwenyekiti, ikajificha hata yenyewe.

Na mpango ule wa wazee ulikuwa na ukomo wake. Kimweri ye Nyumbai alitawala muda mrefu sana, na alipofariki mwaka 1862 mwanawe Mshuza, aliyekuwa mrithi hapa Bumbuli, alikuwa ameshatangulia. Mashine ya pili ilikufa kabla ya ile ya kwanza. Akaingia mjukuu, Shekulwavu, na mwana mwingine wa Kimweri, Semboja, ambaye alikuwa chini Mazinde kwenye njia ya misafara na bunduki, hakukubali kuwa chini yake. Vita vilivyofuata viliivunja nchi. Wakati ule kumweka mtu kitini haraka hakukutosha, maana kilichokuwa kimebadilika hakikuwa kitini: biashara ilikuwa imehamia tambarare na nguvu imehamia nayo.

Steven Feierman, aliyeishi huku na kuandika juu ya Wasambaa, anaeleza maneno mawili ambayo wazee waliyatumia kuwapimia watawala: kuzifya shi na kubana shi, kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Hakuna katika hayo mawili neno la kuwasha upya. Mtawala hakusifiwa kwa kurudi. Alisifiwa mvua zikinyesha na watu wakila.

*

Msidhani mafundi wa dunia hawajayafikiria haya. Joe Armstrong na wenzake pale Ericsson, Sweden, walipotengeneza lugha ya Erlang katika miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, walianza kwa kukubali kwamba programu zitakufa tu. Badala ya kumzuia kila mmoja asife, waliweka wasimamizi: programu ambazo kazi yao ni kuangalia nyingine na kuziamsha zikianguka. Ila msimamizi amewekewa kikomo. Mtoto akianguka zaidi ya mara kadhaa ndani ya muda mfupi, msimamizi haendelei kumwinua. Anajiua mwenyewe, na tatizo linapanda kwa mkubwa wake. Nalipenda sana wazo hilo. Kuna idadi ya kuanguka ambayo baada yake kuinua tena ni kuficha, na anayejua hivyo hana budi kupaza sauti juu.

Hata systemd, programu inayoamsha nyingine zote kwenye kompyuta nyingi za Linux tangu miaka ya 2010, ina kikomo kama hicho: usipoibadilisha, ikiamsha huduma mara tano ndani ya sekunde kumi inaacha, inaandika kwamba imeshindwa. Kwa banda letu kikomo cha namna hiyo kisingefaa peke yake, kwa kuwa mizani haikuwa ikifa mfululizo. Ilikufa mara moja jioni, kesho tena jioni. Kifo cha polepole kinapita chini ya kila kikomo. Kinahitaji mtu anayeandika tarehe.

Programu ya mizani yenyewe sikuweza kuirekebisha. Fundi wa mjini aliacha nakala inayoendeshwa tu, si ile inayosomeka. Kwa hiyo mahali pekee pa kutibu palikuwa ni kwenye skripti, kwenye ile mistari mitano. Niliiandika upya. Sasa malalamiko hayaendi shimoni. Yanaenda kwenye faili inayoitwa malalamiko. Mizani ikifa, jambo la kwanza kabla ya lolote ni kuichukua ile namba na kuiandika pamoja na saa, kwenye faili inayoitwa vifo. Ikiwa ni sifuri, karani amefunga mwenyewe, basi, hakuna cha kuamsha. Ikiwa si sifuri, skrini inaandika kwa herufi kubwa: MIZANI IMEKUFA, na chini yake namba ya risiti ya mwisho iliyo salama. Na hairudi mpaka karani abonyeze kitufe.

Hapo tukagombana kidogo. Karani alisema watu watamzomea. Na ana haki. Zile sekunde tano zimekuwa dakika tatu au nne, kwa kuwa sasa lazima awaite waliopima baada ya namba hiyo, achukue risiti zao, apime au aingize upya. Mvua ikiwa inanyesha, banda limejaa, mtu ana mtoto mgongoni, dakika nne ni nyingi. Mwenyekiti aliuliza kama siwezi kuifanya irudi yenyewe kama zamani halafu hayo mengine yaandikwe kimya kimya, yaangaliwe mwisho wa wiki.

Niliwajibu kwamba naweza, ni mstari mmoja tu. Lakini mwisho wa wiki wale watu sita watakuwa wapi? Saa ile ya jioni bado wako barabarani, ukiita wanasikia. Kesho yake wako mabondeni na risiti imewashia moto.

Walikubaliana tujaribu msimu mmoja. Huku watu hawahitaji kufundishwa sana juu ya kuwasha upya. Kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 katika mgogoro wa wakulima na mwekezaji, kikakaa miaka kimya huku chai ikigeuka miti mashambani, hadi taasisi za serikali zilipoingia kukifufua. Miaka yote ile, mkutano hata mkutano, swali la lini kitawashwa halikuwahi kuja peke yake. Lilikuja na lile la pili: kilizimika kwa nini, na safari hii ni nini kimebadilika? Mtu aliyengoja hivyo hawezi kushangaa ukimwambia kwamba kompyuta nayo iulizwe.

*

Kamati ya chama iliitisha risiti. Waliozitunza wakazileta, na palipokuwa na namba mbili zinazofanana tuliziweka mezani pamoja. Zilipatikana 31 ambazo hazikuwa kwenye kompyuta. Zote za jioni, na karibu zote za watu wa mabondeni. Zililipwa mwezi uliofuata. Ambao risiti zao zilitupwa au kuloa au kuwashia jiko hawakupata kitu, na hilo sina jibu nalo. Rekodi iliyokuwa kichwani mwa programu ikifa nayo, hakuna amri ninayoijua ya kuirudisha. Ushahidi wote uliobaki ulikuwa ni karatasi, na karatasi zilitunzwa na wale waliokuwa na sababu ya kutoamini.

Shangazi alilipwa kilo zake zote. Siku ya kulipwa mwenyekiti, mtu wa heshima zake, alisimama mbele ya watu akamwambia, "Mama, utusamehe, mashine ilikosea."

Shangazi akapokea hela, akazihesabu, akafunga kwenye kanga. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mashine haikuniita mwizi."

Pakawa kimya. Karani akatoka nyuma ya meza, akamshika mkono, akamwomba radhi yeye mwenyewe, kwa jina lake. Hilo halikuwa kwenye skripti yoyote.

Nilipopita wiki iliyopita nilifungua ile faili ya vifo. Ina mistari kumi na kitu tu kwa msimu mzima, kwa sababu karani sasa anabadilisha karatasi mchana kabla haijaisha. Alianza kufanya hivyo mwenyewe, baada ya kuona kwamba karibu kila kifo kina saa ya jioni. Mstari wa mwisho ni wa siku ya radi. Nikamuuliza ilikuwaje. Zamani angeniambia imerudi yenyewe. Safari hii alisema, "Ilikufa saa kumi na moja na robo, umeme ulipepesa. Walikuwa wanne baada ya namba ile. Niliwaita wote, mmoja alikuwa ameshafika darajani."